Pua ya Korbinian na Kiti cha Mwonjaji

Jumatatu, 14 Oktoba

Mshtuko, na wiki haijaanza hata kuchemka!

Asubuhi nilikuwa baa ya Kunguru Watatu, meza yetu ileile karibu na jiko la vigae. Soseji nyeupe, haradali tamu, mkate wa fundo. Soseji ambazo, kama kila mtu ajuavyo, huliwa asubuhi tu, hazitakiwi kusikia kengele ya adhuhuri. Mbele yangu bia ya ngano katika glasi ndefu yenye kiuno, povu limesimama juu yake kama kofia ya askofu. Kila kitu mahali pake. Isipokuwa pua yangu.

Naandika haya humu tu, kwa kuwa shajara haina mdomo. Tangu yale mafua ya mwezi uliopita, mimi Korbinian Zwicknagl, fundi wa kuezeka vigae, mtu ambaye pua yake husifiwa kuanzia hapa Oberhirling hadi Hirlbach ng'ambo ya mto, sinusi kitu. Si moshi, si samadi, si soksi za shemeji yangu Leonhard. Bia ya ngano ninaweza kuieleza hata nikiwa usingizini: kwanza ndizi mbivu, halafu karafuu, halafu mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Leo ni maji yenye mapovu. Utamu kidogo ncha ya ulimi, ukakasi kidogo nyuma. Basi.

Sijamwambia mtu. Hata mke wangu Walburga. Kila asubuhi nainamia glasi, nafumba macho, navuta pumzi, nasema, "Aaa! Karafuu!" Watu wanainamisha vichwa kwa heshima. Imani ni kitu kizuri sana.

Ndipo akatokea Mama Notburga. Ndiye mwenye baa, na ndiye mwenye kiwanda kidogo cha bia kilicho nyuma ya baa, alichoachiwa na marehemu mumewe. Akapiga ubao wa kaunta kwa kijiko. Akasema Mzee Alois amehamia kwa binti yake katika mji wa Passau, harudi tena. Kiti chake kiko wazi.

Kile kiti! Kilichochongwa kunguru mgongoni, karibu na jiko. Anayekikalia ndiye mwonjaji wa kijiji. Glasi ya kwanza ya kila bia mpya ni yake, na akitikisa kichwa, pipa zima linamwagwa. Hata padri hana mamlaka ya namna hiyo.

Mama Notburga akasema safari hii hakuna urafiki wala ukoo. Jumapili, sikukuu ya kanisa, mbele ya watu wote, washindani watafungwa vitambaa machoni na kutaja bia. Atakayepatia ndiye mwenye kiti.

Macho yote yakanigeukia. Hata ya Vitus Hallhuber, mpiga kinanda wa kanisani, ambaye huonja bia akiwa amenyanyua kidole kidogo kana kwamba anaombea roho za marehemu. Hatujagonganisha glasi tangu siku aliposema hadharani kwamba ninachokiita karafuu ni pilipili manga.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nina paa la watu halijaisha. Badala yake nilisikia ngumi ikitua mezani, na sauti ikipaza, "Niandikeni wa kwanza!"

Ngumi ilikuwa yangu. Sauti pia. Hakuna aliyeshtuka kunishinda.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekwenda mjini kwa siri kumwona daktari wa pua. Nilimwambia Walburga naenda kuangalia misumari ya paa. Nikavaa kofia ya mvua ingawa jua lilikuwa kali.

Daktari alichungulia puani mwangu muda mrefu, kama mtu anayetafuta funguo zake mle ndani. Kisha akaniambia kwa upole kwamba harufu huenda ikarudi, huenda isirudi. Ninuse karafuu, limau na kahawa kila asubuhi na jioni, nivumilie. Nikamuuliza kama uvumilivu utakuwa umekamilika kufikia Jumapili. Akaniuliza Jumapili kuna nini. Nikasema hakuna kitu.

Natoka mlangoni. Nani ameketi pale kwenye viti vya kusubiri? Bi Kreszenz! Mtunza nyumba ya padri. Mwanamke ambaye akijua jambo saa tatu, saa nne linajulikana hata na kuku. Amekuja kusafishwa sikio.

"Hee, Korbinian! Nawe unaumwa?"

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ukucha. Ukucha wa mguu, umeingia nyamani.

Bi Kreszenz akautazama mguu wangu. Akakitazama kibao cha mlangoni, chenye picha ya sikio, pua na koo. Akanitazama tena.

"Pole," akasema. "Ukucha umepanda mbali."

Nimerudi nyumbani jasho likinitoka. Lakini nimejituliza. Mtu mwenye sikio lililoziba hawezi kuwa amenisikia vizuri.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimepata wazo! Usiku wa jana halikuja, leo asubuhi nilipokuwa juu ya paa la mchinjaji likanishukia lenyewe. Bia haijulikani kwa pua tu. Bia ina sauti! Povu la bia yetu ya Kunguru Watatu linanong'ona. La bia ya watawa wa monasteri ya mlimani linachemka. La bia nyeusi ya ngano liko kimya, kama mtu mwenye deni. Mtu mwenye masikio hahitaji pua.

Nikajifungia bandani. Nikapanga glasi juu ya meza ya randa, nikamimina kama inavyotakiwa: glasi imeinama, bia inateleza polepole ukutani, mwishoni chupa inatikiswa ili hamira iliyotuama chini imiminike na kuleta lile wingu. Nikajifunga macho kwa skafu ya Walburga ya maua. Nikaegemeza sikio juu ya glasi ya kwanza.

Ssss.

Ya pili. Ssss.

Ya tatu. Ssss, na povu likaniingia sikioni.

Nilikuwa bado nimeinama hivyo mlango ulipofunguka. Sauti ya Walburga ikauliza, bila haraka, kama nilikuwa nikisubiri simu.

Nikamwambia ni mazoezi ya kutuliza akili. Nimeyasoma gazetini. Kwa kuwa nilikuwa na skafu machoni sikuona uso wake, lakini nilisikia akivuta pumzi. Akasema supu ya maini iko mezani, ikipoa shauri langu.

Nikaenda nikala. Nikaisifu kwa moyo wote. Siku hizi naisifu kila siku, maana sijui imekuwaje na sitaki kukosea. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Ijumaa, 18 Oktoba

Masikio yametupwa. Wazo jipya ni zuri mara kumi! Nashangaa mwenyewe linavyotoka kichwani mwangu.

Shemeji Leonhard, kaka yake Walburga, anapiga tuba, lile tarumbeta nene, katika bendi ya kijiji. Jumapili bendi itakaa pembeni ya kaunta. Kutoka pale anaona kila chupa Mama Notburga anayoifungua. Mimi nitakuwa nimefungwa macho, lakini hakuna aliyesema nizibwe masikio. Basi! Noti moja ndefu ni bia ya nyumbani. Mbili fupi ni ya watawa. Tatu ni bia nyeusi. Ikiwa ni ya Hirlbach, ashuke chini kabisa kama ng'ombe anayejifungua.

Leonhard alinisikiliza akitafuna figili. Akauliza, "Kwani pua yako ina nini, shemeji?"

Nikamwambia haina kitu, ni tahadhari tu. Jemadari haingii vitani na upanga mmoja.

Akasema atafanya, lakini ana sharti. Kuanzia leo nisisimulie tena kile kisa chake cha harusini, alivyorudi nyuma akicheza dansi mpaka akatumbukia kwenye shimo la samadi pamoja na keki.

Nilishtuka. Kile kisa ndicho kizuri kuliko vyote nilivyo navyo! Nimekisimulia kwenye harusi, ubatizo, hata kwenye matanga fulani ambapo watu walihitaji kuchangamka. Nimekaa na kukitafakari. Nimelia kidogo ndani kwa ndani. Nikampa mkono.

Jioni nimepita karibu na ghala lake. Anafanya mazoezi kwa bidii. Anataja kwanza, kisha anapiga. "Watawa!" Buu, buu. "Nyeusi!" Buu, buu, buu. Mtu mwaminifu sana.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda misa ya asubuhi kuweka mambo sawa na mbingu. Sikuomba nishinde. Niliomba tu haki itendeke, na nikaieleza haki ni ipi.

Baada ya misa Vitus akashuka kutoka kwenye kinanda chake, akanijia moja kwa moja. Nikajiandaa kwa matusi. Lakini alikuwa mpole kwa namna ya ajabu, anasugua mikono, anatazama juu darini.

"Uvumba leo ulikuwa mzito, au sivyo, Zwicknagl?"

Mtego! Nikaujua papo hapo. Anaipima pua yangu! Nikavuta pumzi ndefu, nikafumba macho kidogo.

"Mzito mno," nikasema. "Umenikaa kooni."

"Hata mimi," akasema haraka. "Kooni hasa."

Tukasimama hapo tukikohoa kidogo, kila mmoja kwa adabu. Bi Kreszenz alikuwa altareni akipanga maboga ya sikukuu. Aliinua kichwa, akatutazama wote wawili, mdomo wazi. Kisha akauchukua mkoba wake akatoka nje mbio, maboga ameyaacha yakibingirika. Sijui kapatwa na nini. Pengine sikio.

Nimempiga Vitus bao. Naona hata alivyoondoka: mabega chini.

Jumapili, 20 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kunguru Watatu ilijaa mpaka madirishani. Bata bukini wa kuoka, kabichi nyekundu, maandazi mapana ya sikukuu yaliyonyunyiziwa sukari. Watu walikuwa wakisema harufu peke yake inashibisha. Nikasema hasa.

Washindani tulikuwa watatu: mimi, Vitus, na Gschwendtner mchinjaji. Mama Notburga mwenyewe akatufunga vitambaa, na akakaza. Sharti: kila mmoja anong'one jibu lake sikioni mwa Padri Ulrich, kisha padri atangaze.

Glasi ya kwanza. Nikainamia, nikavuta pumzi kwa kishindo ili hata walio nyuma wasikie. Bendi ikaanza polka taratibu, na katikati yake: buuuuu! Noti moja ndefu. Mungu ambariki shemeji! Nikamnong'oneza padri kwamba ni ya nyumbani, nikaongeza kwamba kimea chake kilikaushwa polepole. Padri akatangaza: Zwicknagl, sahihi. Hallhuber, sahihi. Gschwendtner alikuwa amesema, "Ni bia." Akatolewa.

Sahihi? Vitus? Nilishtuka, lakini nikasema bahati humpata hata mpiga kinanda.

Glasi ya pili. Buu, buu, buu. Nyeusi. Zwicknagl, sahihi. Hallhuber, sahihi. Ukumbi ukapiga makofi. Jasho likanitelemka chini ya kitambaa. Yule mtu ana pua kweli! Miaka yote hii nimemwita mlevi wa kanisani, kumbe ana pua!

Ikaja ya tatu.

Ilipowekwa mbele yangu nilisikia jambo geni. Viti vikaburutwa. Mtu wa safu ya mbele akakohoa. Mwanamke akacheka, akanyamazishwa. Nikajua ni heshima: watu wanatupisha, wanaona wababe wawili wamefika kilele. Nikanywa. Ilikuwa na ukali kidogo ulimini. Nikajiambia watawa wana siri zao. Na papo hapo, kutoka pembeni: buu, buu. Wema wa Mungu.

Sikunong'ona. Nikiri hapa, sikuweza kunong'ona. Saa ya mtu ikifika haijifichi sikioni mwa padri. Nikasimama, glasi juu.

"Hii ni bia ya ngano ya watawa wa mlimani! Ndizi iliyoiva! Karafuu! Na kwa mbali, kwa mbali sana, ua la mlozi!"

Nikamsikia Vitus akiruka kitini. "Ua la mlozi, kweli kabisa! Na asali! Asali ya mlimani!"

Bendi ikanyamaza. Kisha sauti ya Bi Kreszenz, kutoka meza ya pili.

"Jamani! Hicho ni kitunguu saumu!"

Nikang'oa kitambaa. Chini ya glasi yangu, katika lile wingu zuri la hamira, vilikuwa vimelala vipande vya kitunguu saumu vilivyopondwa. Glasi ya Vitus hivyohivyo. Safu nzima ya mbele imeshika pua. Padri Ulrich amesogea nyuma hadi ukutani.

Ndipo kicheko kikalipuka. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Madirisha yalitetemeka. Gschwendtner alilala juu ya meza kwenye sahani ya bata. Leonhard alichekea ndani ya tuba bila kujijua, na tuba ikapaza.

Mama Notburga peke yake hakucheka. Akamwendea Kreszenz na ile glasi. "Na chini ya kitunguu?"

Kreszenz akaipitisha mbele ya pua yake mara moja tu, kama mtu anayefukuza nzi. "Ya watawa. Ila chupa imekaa juani."

Mama Notburga akamletea nyingine, na nyingine. Kreszenz hata hakunywa mpaka chini. Hii ya nyumbani, pipa la wiki iliyopita. Hii ya Hirlbach, na aliyeosha glasi ametumia sabuni nyingi. Hii nyeusi, na nani humu ndani amevaa koti la marehemu Sepp, maana linanuka kabati lake? Watu wakaanza kujikagua.

Basi wakamkalisha kitini. Kwenye kile kiti! Kreszenz! Pua ambayo miaka yote tumeilalamikia kwamba inaingia kila mahali!

Nilijaribu kusema. Nilisema jamani, nilitaja watawa, na kweli ilikuwa ya watawa, kwa hiyo kwa haki nilikuwa sahihi. Padri akaniwekea mkono begani, kwa mbali, akasema kaa chini mwanangu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikutaka kutoka kitandani. Walburga akaniletea kahawa, akaketi ukingoni.

Nikaamua kumweleza yote. Nikaanza na mafua. Akaninyamazisha kwa kidole. Akasema anajua. Anajua tangu siku ya kwanza.

Nikauliza ni nani kamwambia, Kreszenz?

"Supu yangu ndiyo iliyoniambia. Miaka yote ya ndoa umeinung'unikia. Siku ile iliungua mpaka paka akatoka nje, wewe ukaomba nyongeza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu. Akatazama mikono yake. Akasema alingoja nimwambie mwenyewe. Kila siku alidhani leo atasema. Akawa anaunguza supu makusudi, ili angalau nilalamike, tuzungumze. Nami nikawa nasifu tu. "Nilikuwa nakula mkate peke yangu jikoni," akasema, "na wewe unanisifia masizi."

Nimeishi na mwanamke huyu na sikujua anangoja. Nilishika mkono wake. Nikamwahidi kwamba kuanzia sasa ni ukweli mtupu. Akasema tutaona.

Kisha nikaenda Kunguru Watatu, maana aibu ikikaa sana nyumbani inaota mizizi. Mama Notburga alikuwa akifuta meza. Sikuketi. Nikamwambia alinidhalilisha.

Akaacha kufuta. Akanieleza Kreszenz alikuja kwake Jumamosi, anahema, na habari mbili: ya kwanza ukucha wangu ulioota puani, ya pili kwamba Vitus na mimi tumesifu uvumba siku ambayo hapakufukizwa chochote. Uvumba ulikwisha tangu katikati ya wiki.

Ndipo akaponda kitunguu saumu.

"Korbinian," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Nyumba hii inaishi kwa pua ya mtu mmoja. Bia ikichacha na mwonjaji akanyamaza, nauza uchachu. Watu watakunywa mara moja, mara ya pili watakwenda Hirlbach. Nimebaki na hiki kiwanda tu. Ungekaa kwenye kile kiti ukisema 'karafuu, karafuu' mpaka ukanizika. Na sisi ni marafiki tangu shule."

Hilo, ndani ya wiki nzima ya mishtuko, ndilo lililonigonga zaidi. Sikuwa nimelifikiria. Niliona kiti tu. Bia iliyokuwa nyuma ya kiti sikuiona.

Nikamwomba radhi. Akanitazama kitambo, akasema kaa, utakunywa nini.

Vitus alikuwa ameketi peke yake penye kona. Nikaketi mbele yake, sijui kwa nini. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mafua yale na yeye yalimpitia. Tulikuwa meza moja wiki ile, huenda tuliambukizana. Wiki iliyofuata mshumaa uliunguza mkono wa koti lake akipiga kinanda, akajua tu alipoona watu wanapiga kelele.

"Lakini jana ulipatia!" nikasema. "Ya nyumbani, nyeusi, zote!"

Akaona haya. Akasema ghala la Leonhard liko chini ya dirisha lake, na yeye ana sikio la muziki. Watawa, buu buu. Angewezaje kukosea?

Tulitazamana. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kikaanza kicheko upande wake, kikaja upande wangu, mpaka Mama Notburga akatuletea bia za ngano bila kuulizwa.

Vitus akaishika yake, akalitazama lile wingu. Akauliza, "Unakumbuka ilivyokuwa?"

Nikasema nakumbuka. Kwanza ndizi, ile iliyoanza kuwa na madoadoa. Yeye akasema kisha mkate, kipande cha mwisho ambacho mama anakuachia. Kisha karafuu, nikasema. Akasita. Akasema sawa, ilikuwa karafuu. Miaka yote ilikuwa karafuu.

Tukagonganisha glasi kwa upande wa chini, kama inavyofanywa kwa bia ya ngano. Tukanywa maji yenye mapovu. Sijui kama nimewahi kunywa bia nzuri kama ile.

Kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Nanusa karafuu asubuhi na jioni kama daktari alivyosema. Sitajifanya kitu nisicho. Naliandika hapa ili linishuhudie.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo baada ya misa nilikuwa nimeazimia kusimama mbele ya kanisa na kuwaambia watu wazi kwamba sina pua, watu wa kweli wanielewe, wanaocheka wacheke. Walburga alinisindikiza. Alinirekebisha hata kola. Alikuwa na fahari, niliiona.

Nikasimama ngazini. Nikasafisha koo. Watu wakageuka.

Kabla sijasema neno, bwana mmoja nadhifu akanijia na kofia mkononi. Mgeni, anatoka Hirlbach. Akasema kule wana sikukuu ya jibini mwezi ujao, na mwamuzi wao amevunjika mguu. Wanatafuta mtu mwenye jina. Amesikia Oberhirling kuna fundi wa vigae, bwana Zwicknagl, mwenye pua ya ajabu. Habari za Jumapili iliyopita, kwa rehema za Mungu, hazijavuka mto. Akauliza kama namfahamu. Akasema mwamuzi hupewa meza ya mbele, na mkufu wa fedha wa kuvaa kifuani siku nzima.

Nilihisi Walburga akinibana kiwiko. Nilimwona Vitus kwenye mlango wa kanisa akinitikisia kichwa: hapana, hapana, hapana.

"Jibini?" nikasikia mtu akisema. "Bwana wee, umemfikia mwenyewe. Mimi na jibini tumezaliwa siku moja!"

Tumepeana mikono. Walburga amekwenda nyumbani peke yake, na leo supu imeungua kiasi kwamba hata mimi naiona kwa macho.

Lakini hawaelewi. Bia ilikuwa kosa, nakubali, bia ni mambo ya pua. Jibini ni jambo jingine kabisa. Nimelikagua mchana kutwa hapa mezani. Jibini lina mashimo.

Kidole kinatosha.